Siku ya Tatu Bila Tone

Methanoli haiui papo hapo, na hapo ndipo penye hatari yake. Anayeinywa hulewa kama alivyolewa jana na juzi, huimba njiani, hufika nyumbani, hulala. Ini lake ndilo linalobaki kazini. Huivunja methanoli kwa kimeng'enya kile kile kinachovunja pombe ya kawaida, lakini kinachotoka ni fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huenda kushika neva ya jicho. Kazi hiyo huchukua saa 12, wakati mwingine saa 24 au zaidi. Ndiyo maana mtu huamka akidhani ana uchovu wa kawaida wa ulevi, adhuhuri akaanza kutapika, na kufikia jioni ukungu ukawa umemshukia machoni.

Mwanzoni mwa Mei 2014 nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja upande wetu wa Mlima Kenya. Walioinywa waliletwa kwa bodaboda, kwa pikapu, wengine wakishikiliwa na wake zao mabegani. Fundi mmoja wa ujenzi niliyemfahamu kwa sura aliniita saa saba mchana, jua likiwa limejaa madirishani. "Sista," akaniuliza, "mbona mmezima stima?" Nilimshika mkono nikamwambia daktari anakuja.

Embu mjini, jina la mtaa wa Shauri Yako ndilo lililovuma katika msiba ule. Siku hizo hizo watu walikuwa wakifa Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a. Kabla ya wiki kuisha idadi ya waliokufa nchini ilikuwa imepita 70, na kati ya waliopona wapo ambao hawakuona tena. Nchi ilikuwa imepitia hayo hayo Novemba 2000, pombe yenye methanoli ilipoua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na tena mwaka 2005 kule Machakos.

Tiba ya methanoli huwashangaza wengi: ni pombe safi. Kimeng'enya kile hupenda ethanoli kuliko methanoli, kwa hiyo mgonjwa akipewa ethanoli kwa kipimo, ini hushughulika nayo, na methanoli hubaki bila kuguswa mpaka itoke kwa mkojo au kwa mashine ya kusafisha damu. Ipo pia dawa iitwayo fomepizoli, lakini ni ghali na hospitali chache huiweka. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kando ya kitanda cha mwanawe aliposikia daktari akieleza haya alisimama. "Daktari, mnataka kumwongezea kile kile kilichomleta hapa?" Daktari aliketi naye akamweleza upya, taratibu, na mama akakubali. Mwanawe aliishi.

Baada ya hapo ndipo nilipoona jambo lililobadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Wanaume waliookoka, waliokuwa wameanza kunywa uji na kuulizia nguo zao, walianza kutetemeka. Mikono kwanza, halafu mwili mzima. Jasho likawatoka, moyo ukawaenda mbio. Mmoja akawa anaokota siafu kwenye blanketi lisilo na siafu. Jamaa zao waliamini sumu imerudi. Mzee mmoja aliomba ruhusa amlete mhubiri. Sumu haikuwa imerudi. Ilikuwa siku yao ya tatu bila tone la pombe, kwa baadhi yao mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na miili yao ilikuwa haijui tena kuishi bila hiyo.

Haya yanafaa kuelezwa polepole, kwa sababu naamini ndiyo yasiyojulikana zaidi katika vijiji vyetu. Pombe hutuliza ubongo. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujibu kwa kujiongezea kasi, ili aweze kusimama, kutembea na kufanya kazi akiwa na pombe damuni. Miaka inapita hivyo. Pombe ikiondolewa ghafla, kasi ile inabaki kama gari lililokatika breki mteremkoni. Saa chache baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kushikwa na kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho. Kati ya siku ya pili na ya tatu huja kuweweseka: anaona wadudu, anasikia sauti, hajui alipo, joto la mwili linapanda. Asiyetibiwa katika hali hiyo anaweza kufa, na wapo waliokufa.

Tiba yake haihitaji hospitali kubwa. Diazepamu humtuliza na kuzuia kifafa. Thiamini, yaani vitamini B1, huukinga ubongo, maana mlevi wa muda mrefu hali vizuri na vitamini hiyo humwishia. Ukimtundikia dripu ya glukosi kabla ya kumpa thiamini, unaweza kumharibia kumbukumbu zake kwa maisha yake yote. Anahitaji pia maji, chakula, chumba chenye mwanga na mtu wa kukaa naye. Dawa zote mbili ni za bei nafuu, na zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kwa miaka mingi nimeingia katika zahanati za vijijini nikauliza kama zipo. Mara nyingi diazepamu ilikuwapo, imefungiwa kabatini kwa ajili ya watoto wenye degedege. Thiamini ilikuwa nadra.

Kwetu anayekunywa alfajiri husemwa anatoa loki. Watu humwona akipita saa kumi na mbili asubuhi kuelekea kwa mama pima, muuza pombe, mikono mfukoni, na kumtukana kwamba hata jogoo hajamaliza kuwika. Baada ya yale niliyoyaona wodini siwezi kuungana nao. Mtu yule anajitibu. Glasi ile ya kwanza haimpi raha yoyote. Inamwezesha kushika kikombe cha chai bila kukimwaga na kushika jembe. Anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba asipoipata mwili wake utamgeuka.

Ukilielewa hilo, utaziona sheria zetu kwa jicho jingine. Sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010, ambayo kila Mkenya anaiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwishoni mwa wiki, zote zifungwe saa tano usiku. Iliihalalisha pia chang'aa, pombe kali ya kienyeji, mradi itengenezwe na kufungwa kwa viwango. Naiheshimu sheria hiyo. Iliwarudisha nyumbani wanaume wengi waliokuwa wanaanza kupotea, hasa vijana waliokunywa kwa sababu baa ilikuwa wazi na hawakuwa na kazi. Lakini imejengwa juu ya mnywaji anayeweza kusubiri. Anayetetemeka saa kumi na mbili asubuhi hawezi kungoja saa kumi na moja jioni. Huyo ataenda panapouzwa kwa kujificha, na panapouzwa kwa kujificha hakuna anayepima kilichomo chupani.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianza kuuza bia ya Senator kwa mapipa, ile tunayoiita keg, na serikali ikaisamehe ushuru kwa nia ya kuwavuta wanywaji maskini kutoka kwenye chang'aa. Mwishoni mwa 2013 nusu ya msamaha ule iliondolewa. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaporomoka. "Keg ilitushinda," mgonjwa mmoja aliniambia, na hakuhitaji kumalizia. Miezi michache tu baadaye tulikuwa tunawapokea wanywaji hao wodini. Waliochanganya methanoli ni watu wenye tamaa, na sheria inapaswa kuwashughulikia. Ila ushuru ule uliwasukuma wanywaji upande ambako watu hao walikuwa wanawangoja. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya msamaha ilirudishwa.

Mwaka huo huo, mwezi Julai, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza pombe haramu iangamizwe katika eneo la kati, na wabunge wakaongoza umati wa watu kuvunja stoo na kumwaga mapipa. Wanawake wengi walishangilia, na nawaelewa. Walikuwa wamezika waume, wamelea watoto peke yao, wameona mashamba ya kahawa yakiuzwa kipande kwa kipande. Wimbi lile lilifika hata kwetu. Mama pima walifunga milango, na kwa siku chache soko letu karibu na Runyenjes lilikuwa kimya jioni.

Usiku mmoja katika siku hizo mama alinipigia simu. "Mwanangu, ndugu yako anaongea na baba yako."

Baba alikuwa amezikwa zamani. Nilimwuliza mama ndugu yangu alikunywa lini mara ya mwisho. Akahesabu: ilikuwa siku ya tatu. Nilisikia sauti za watu nyuma yake, wakisema afungwe kamba, wengine wakisema ni laana ya shamba lililouzwa bila baraka. Nikamwambia mama asikubali kamba, wawashe taa zote, vijana wawili wanaomjua wakae naye, watafute gari. Alifikishwa hospitali kabla ya mapambazuko. Alipata kifafa njiani, akatibiwa, akaishi. Kuna wengine katika kata yetu waliofungwa kamba wiki hiyo, au waliolala seli, na majirani wakaambiwa asubuhi kwamba moyo ulisimama.

Ndugu yangu ni fundi wa mbao, mdogo wangu wa mwisho. Meza ninayoandikia ameitengeneza yeye. Alianza pombe kama walivyoanza wenzake wengi: jioni ya malipo, kundi la mafundi, kila mmoja akinunua kwa zamu. Hakuwa na kisa kikubwa cha huzuni cha kuwaeleza watu. Nasema hivi kwa sababu kila mtu alimtaka awe nacho. Washauri walitafuta jeraha la utotoni, wachungaji wakatafuta dhambi. Mimi niliona mtu aliyekunywa kiasi kikubwa kila siku kwa muda mrefu wa kutosha, basi. Kwa wengine jeraha lipo na linahitaji kushughulikiwa. Lakini uraibu hauhitaji sababu nzito ili uingie. Unahitaji kipimo cha kutosha na muda wa kutosha.

Tuliuza mtamba, tukafanya harambee ya ukoo, tukampeleka rihabu kwa miezi 3 iliyo desturi. Alirudi amenenepa, anacheka, anaamka mapema. Kanisani walimsimamisha mbele na kumpigia makofi. Akarudi kwenye karakana ile ile, kwa wateja wale wale wanaolipa jioni katika soko lile lile. Hakuna aliyekuja kumwona. Hakupewa tarehe ya kurudi wala namba ya kupiga. Alirudia. Mjomba alisema mbele ya wote kwamba mtamba wetu umeliwa na fisi.

Nilikuwa nimefanya kazi katika kliniki ya kifua kikuu kabla ya hapo, na tofauti iliniuma. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa kuja kuchukua dawa, tuna jina lake, kijiji chake, jina la jirani yake. Mtu hutumwa kumtafuta. Hakuna anayesema serikali imepoteza dawa zake kwa sababu mgonjwa alikatiza tiba. Tunaanza tena, tukiuliza kwa nini alikatiza: nauli, njaa, aibu? Sheria ya Kenya ya afya ya akili ya mwaka 1989 ilikwisha kumtaja mtu aliyeathirika akili kwa sababu ya pombe au dawa za kulevya kuwa miongoni mwa wanaostahili kutibiwa. Karatasi ilikwishaandikwa tangu ndugu yangu akiwa mtoto. Mtu wa kutumwa kumtafuta ndiye aliyekosekana.

Na si pombe peke yake ninayoijua. Mimi nimeolewa Igembe, si mbali na Maua, kwa hiyo nusu ya maisha yangu imekuwa katika miraa, zao la kutafunwa. Nilipoposwa kulikuwa na kifungu cha miraa miongoni mwa vilivyoletwa, kama ilivyo desturi ya Wameru. Baba mkwe alinionyesha miti ya mbaine, ile mikongwe iliyopandwa na vizazi vilivyomtangulia, akaigusa gome kwa heshima. Karo ya watoto wangu imelipwa na vilima vya Nyambene. Sitaandika kuhusu zao hili kama mgeni aliyeliona kwenye picha.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Uingereza imepiga marufuku miraa kuanzia tarehe 24 Juni 2014, wiki chache tu baada ya ile wodi ya Mei, nililia kwa ajili ya watu wetu. Uholanzi ilikuwa imetangulia mwaka 2013. Baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limesema ushahidi hautoshi kupiga marufuku. Wanasiasa wakaamua vinginevyo. Bei ilianguka Muringene, Kangeta na Laare. Vijana waliokuwa wakifunga na kupakia waliachwa bila kazi, mifuko mitupu na mchana mrefu.

Na bado sikubali tunapoambiwa miraa ni mboga tu. Shemeji yangu aliendesha pikapu ya miraa kutoka Maua hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kathinoni, kiini chenye nguvu ndani ya miraa, huanza kufifia majani yakinyauka, na baada ya saa 48 hivi mzigo hauna thamani. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba ili usikauke, na ndiyo sababu madereva hukimbia vile. Alitafuna ili asilale barabarani. Akifika, macho yakawa yamekataa kufumba, alinunua mzinga wa pombe ili akate stimu na apate usingizi. Mchana unaofuata akatafuna tena. Alikuja kwangu presha ikiwa juu sana, amekonda, akinong'ona kwamba kuna gari linalomfuata. "Shemeji, usimwambie mzee," alinisihi. Miraa peke yake ilikuwa imemfikisha kwenye kukosa usingizi. Miraa na pombe pamoja ndizo zilizomfikisha kwenye gari lisilokuwapo. Wodi za Meru zimejaa watu wa mchanganyiko huo, na ni nadra kusikia ukizungumzwa, kwa sababu watetezi wa miraa hawataki kuutaja na wapinzani wa miraa hawajui kwamba upo.

Mei 2024 mzozo ukahamia kwa muguka, ndugu mdogo wa miraa anayestawi Mbeere, Embu, katika ukame ambao mahindi hayauwezi. Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa aliupiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu na kusema marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya nchi. Mahakama nayo ikayasimamisha. Katika kelele zile nilisikia kina mama wawili, wa Mombasa na wa Mbeere, ambao hawakupata nafasi ya kusikilizana. Wa Mombasa alisema mwanawe hali wala halali, anatafuna tangu asubuhi na ameuza hata viatu. Wa Mbeere alisema muguka ndio uliomsomesha mwanawe hadi chuo kikuu. Wote wawili walisema kweli. Marufuku yangemnyang'anya wa pili bila kumtibu mtoto wa yule wa kwanza, na ushindi wa mahakamani ulimwacha mtoto yule yule pale alipokuwa. Ningependa Embu iliyopigania soko lake kwa nguvu vile ipiganie pia, kwa nguvu hizo hizo, mtoto asiuziwe muguka, na mvulana wa darasa la saba asiitwe kuchuma asubuhi ya siku ya shule.

Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya, jumla yao wakiwa kama milioni 4.7. Wa pombe ni kama milioni 3.2. Wa miraa na muguka wanakaribia milioni moja. Hao hawawezi kuingia rihabu hata tukijenga moja kila tarafa, na wengi wao hawaihitaji. Wanahitaji mtu wa kuwauliza mapema.

Namna ya kuuliza ipo, na sehemu yake ilizaliwa hapa. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali 10 ya kumtambua mtu ambaye unywaji wake unaanza kumdhuru. Yalitungwa kwa kuchunguza wagonjwa wa nchi 6, na Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Norway, Australia, Bulgaria, Meksiko na Marekani. Dunia nzima huyaita AUDIT. Unamwuliza mtu hunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku, kama hushindwa kuacha akishaanza, kama huhitaji kinywaji asubuhi, kama kuna mtu aliyewahi kuonyesha wasiwasi juu yake. Unajumlisha alama. Zikifika 8, mnaanza kuongea. Zikifika 20 au zaidi, unamchunguza kwa makini kwa sababu huenda mwili umeshategemea pombe, na humwambii aache ghafla peke yake nyumbani.

Nilianza kuyauliza kwa kila mgonjwa niliyempima presha, wanaume kwa wanawake. Wanawake ndio walionifunza zaidi. Mama mmoja mchuma majani chai, mcha Mungu, kiongozi wa chama chao, alijibu maswali matatu ya kwanza akitazama sakafu, halafu akafunga mlango mwenyewe na kujibu yaliyobaki. Alikuwa akinywa usiku watoto wakilala, tangu mumewe alipofariki. Hakuwahi kuonekana baa. Angepita katika kila msako bila kuguswa, na katika kila mkutano wa chifu kuhusu ulevi angekaa mstari wa mbele akipiga makofi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kwa sababu hakuna aliyedhani. Rihabu nilizozijua wakati huo zilikuwa na vitanda vya wanaume. Tulimpunguzia taratibu, akilala kwake, nikimpitia jioni nikitoka kazini, dada yake akishika vidonge.

Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Wanabisha hodi katika nyumba ambazo mimi sitawahi kuzifikia. Maswali yale 10 yanaingia katika ukurasa mmoja. Sioni kinachozuia ukurasa huo kutiwa katika mkoba huo.

Februari 2024 mauti yakarudi, safari hii kijiji cha Kangai, Kirinyaga, jirani zetu kabisa. Watu wasiopungua 17 walikufa na wengine wakapofuka. Mwezi uliofuata Profesa Kithure Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza masharti 25: leseni zikaguliwe, viwanda vifungwe hadi vihakikiwe, baa zihamishwe mbali na makazi na shule. Mengi nayaunga mkono. Niliyasoma yote nikitafuta jambo moja: wanywaji wa kila siku wa vijiji vile, ambao kinywaji chao kilikuwa kimetoweka kwa amri usiku mmoja, wangepelekwa wapi siku ya tatu? Tangazo la msako linapaswa kufika zahanati kabla ya kufika kituo cha polisi. Kabla pipa la kwanza halijamwagwa, diazepamu na thiamini ziwe zimefika, muuguzi wa zamu awe anajua atakachokiona, na familia ziwe zimeambiwa zisifunge mtu kamba.

Ndugu yangu hanywi sasa. Amerudia na kuacha, na kila aliporudia kipindi kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kugonga mlango wake. Hapokei tena malipo jioni. Wateja humlipa kwa simu, na pesa huenda kwa mkewe. Jumamosi anakaa na kikundi chetu cha wanaojaribu kuacha pombe katika ukumbi wa kanisa tulioazimwa: mafundi, wachuma chai, waendesha bodaboda, mwalimu mmoja, na yule mama aliyefunga mlango. Niko nao kama muuguzi mstaafu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na kila baa hulipa ada ili ifunguliwe. Kikundi kimeiandikia idara ya afya ya kaunti barua ya ukurasa mmoja. Kinaomba sehemu ya ada hiyo inunue vitanda viwili katika kituo cha afya kilicho karibu nasi, thiamini isiyokatika, na mafunzo kwa wauguzi wa zamu ya usiku. Ndugu yangu amejitolea kutengeneza vitanda hivyo, mbao zikipatikana.